Ugiriki iliingia mikononi mwa Roma mwaka gani hasa?

Chaki_Kondele (Kisumu)

Habari zenu wakuu. Tunaandaa bango la mfululizo wa matukio kwa ajili ya chama cha historia na tumekwama sehemu moja. Kitabu kimoja kinasema Ugiriki ilitwaliwa na Roma mwaka 197 KK, kingine 168, kingine 146, na kuna ramani inayoonyesha jimbo la Akaya likianza mwaka 27 KK. Tofauti ya miaka 170 haiwezi kuwa kosa la chapa. Nafasi iliyobaki kwenye bango ni ya mstari mmoja. Tuandike mwaka upi, na kwa sababu gani?

La pili: imekuwaje watu ambao babu zao walimpiga Mwajemi wakashindwa na mji mmoja wa Italia? Naomba maelezo ya kivita yasiishie kwenye "Warumi walikuwa na nidhamu." Wanafunzi huuliza, "Nidhamu ya kufanya nini?" na hapo ndipo jibu hukatika.

Njoro_Kumbukumbu (Nakuru)

Mwalimu, miaka yote minne ni sahihi, ila kila mmoja unajibu swali lake. Mwaka 197 Makedonia ilipoteza ubabe wake juu ya Wagiriki. Mwaka 168 ufalme wenyewe wa Makedonia ulifutwa. Mwaka 146 Korintho iliangamizwa na Shirikisho la Akaya likavunjwa. Mwaka 27 Augustus aliitenga Akaya ikawa jimbo lenye liwali wake.

Huo wa mwisho uuondoe kwanza. Nakuru na Kisumu zilihesabiwa upande wa Uganda hadi mwaka 1902, mpaka ulipohamishwa zikaingia katika himaya ya Afrika Mashariki. Hakuna anayesema Mwingereza alifika Kisumu mwaka 1902. Kilichohama ni mstari kwenye ramani na ofisi ya kupelekea barua. Akaya nayo ilikuwa hivyo. Kuanzia 146 liwali wa Makedonia ndiye aliyeisimamia Ugiriki ya kusini, na mwaka 27 ikapewa wake.

Kisha waondolee wanafunzi picha ya nchi moja iitwayo Ugiriki yenye mji mkuu na jeshi moja. Kulikuwa na ufalme wa Makedonia kaskazini, Shirikisho la Aetolia katikati na magharibi, Shirikisho la Akaya kusini, Sparta iliyochukia Waakaya, Athene iliyobakiwa na jina kubwa na jeshi dogo, na ng'ambo ya bahari Pergamo na kisiwa cha Rodo. Kila mmoja alikuwa na jirani aliyetaka kumwona chini. Roma iliingia kupitia mlango huo, na mara nyingi ilifunguliwa kutoka ndani.

Fuata mwaliko mmoja baada ya mwingine. Mwaka 229 Warumi walivuka bahari ya Adria kumpiga Malkia Teuta wa Iliria kwa sababu ya uharamia, na miji ya Kigiriki kama Corcyra na Apollonia ikajiweka chini ya ulinzi wao. Mwaka 228 wakaruhusiwa kushiriki Michezo ya Isthmia karibu na Korintho, heshima waliyopewa Wagiriki peke yao. Mwaka 215, Roma ikiwa bado inavuja damu ya kipigo cha Cannae, Philip V wa Makedonia akafunga mkataba na Hannibal, jemadari wa Karthago aliyewapa Warumi kipigo hicho. Roma haikuwa na askari wa kumtumia Philip, basi ikatafuta Wagiriki wa kumshughulisha.

Hapo ndipo ulipoandikwa mkataba na Waaetolia, takriban 211, na ningependa kila mwanafunzi auone. Sharti lake kuu ni hili: mji ukitekwa, ardhi na majengo ni ya Mwaetolia, watu na mali inayobebeka ni ya Mrumi. Yaani Wagiriki walikubali kwa maandishi kwamba Wagiriki wenzao wauzwe utumwani ng'ambo, mradi wao wabaki na mashamba. Vita hivyo viliisha kwa amani ya mwaka 205 bila mshindi wa wazi, lakini Roma haikumsahau Philip. Mwaka 200 Rodo, Pergamo na Athene zilikuwa zimekwisha kupeleka wajumbe Roma kumlalamikia, na vita vya pili vikaanza.

Mimi ningeandika 146. Ila ngojeni wengine waseme.

Mkuki_wa_Molo (Nakuru)

Nijibu la kivita, kwa sababu hapo "nidhamu" inapotosha kabisa. Kikosi cha mikuki cha Makedonia kilikuwa na nidhamu kupita Warumi. Bila nidhamu kisingeweza hata kutembea. Tatizo lilikuwa mahali pengine.

Mkuki wao, sarisa, ulifika urefu wa dhiraa 14, kama mita 6.3. Huo ni mrefu kuliko matatu ya abiria 14. Ulishikwa kwa mikono miwili. Kitengo cha kawaida kilikuwa watu 16 kwa 16, jumla 256. Mikuki ya safu tano za mbele ilitokeza nje, kwa hiyo mbele ya kila mtu wa mstari wa kwanza kulikuwa na ncha tano. Mrumi alihitaji nafasi maradufu ili apige kwa upanga na kuzungusha ngao. Hesabu yake: kila Mrumi mmoja alitazamana na watu wawili na ncha kumi. Polybius, Mgiriki aliyewahi kuwa kamanda wa wapanda farasi wa Akaya, anaeleza hesabu hiyo na kukiri kwamba uso kwa uso, kwenye uwanja sawa, hakuna wa kulizuia pigo hilo.

Sasa angalia masharti yake: uwanja sawa, usio na mtaro, kichaka wala kilima, na mstari usiokatika. Mwenye sarisa hawezi kugeuka. Akitaka kutazama nyuma ni lazima ainue mkuki wa mita sita katikati ya mikuki ya wenzake. Akibaki peke yake ana kisu kidogo na ngao ndogo iliyoning'inia begani.

Jeshi la Kirumi lilikatwa vipande. Legioni ya watu 4,200 wa miguu ilikuwa na wepesi 1,200 mbele, kisha mistari mitatu ya 1,200, 1,200 na 600, na kila mstari umegawanywa vikosi 10. Vikosi vya mistari miwili ya kwanza vilikuwa na watu 120, vya mstari wa tatu 60, na kila kimoja kina maofisa wake na bendera yake. Kikosi kinaweza kusogea kushoto, kurudi nyuma au kugeuka bila legioni nzima kuvunjika.

Cynoscephalae, 197 KK. Vilima vya Thesalia, asubuhi ya ukungu mzito; aliyewahi kupita Mau Summit alfajiri anajua ukungu wa namna hiyo, unasikia gari kabla ya kuliona. Makundi ya doria ya pande mbili yanagongana juu ya mgongo wa kilima. Philip hakupanga kupigana siku hiyo na watu wake wengi wametoka kutafuta lishe ya wanyama. Anavutwa vitani kidogo kidogo. Nusu yake ya kulia inafika juu, inajipanga, inashusha mikuki na kuwasukuma Warumi mteremkoni. Kufikia hapo Philip anashinda. Lakini nusu ya kushoto bado inapanda, imo katika mwendo wa safari, haijajipanga. Flamininus, jemadari wa Roma, anaacha upande wake unaoshindwa, anakwenda upande wa pili na kuwapeleka tembo mbele. Wamakedonia wa kushoto wanakimbia kabla hata ya kuunda mstari.

Kisha ofisa mmoja ambaye jina lake halikuandikwa popote anatazama na kuamua bila kuagizwa. Anachukua vikosi visivyozidi 20 kati ya wale waliokuwa wakifukuza, anageuka, anateremka na kuipiga nusu ya kulia ya Philip kutoka mgongoni. Wale wenye sarisa hawawezi kugeuka. Wakainua mikuki wima, ambayo kwao ni ishara ya kusalimu amri. Askari wa Roma hawakuijua ishara hiyo, na Flamininus alipoelezwa maana yake wengi walikuwa wamekwisha uawa. Wamakedonia 8,000 walikufa na 5,000 wakatekwa. Warumi waliokufa ni kama 700.

Wanafunzi wakiuliza nidhamu ya kufanya nini, jibu ni hilo: jeshi lililompa ofisa wa kati uwezo wa kugeuza watu 2,000 kwa uamuzi wake. Pydna, mwaka 168, ni kisa kilekile: mikuki ilisonga vizuri, ardhi ikapinda, nyufa zikafunguka katika mstari, na vikosi vidogo vikaingia ndani ya nyufa. Kwa mujibu wa Plutarch, mwandishi wa kale, ilichukua kama saa moja.

Kitu cha mwisho, na kwa maoni yangu kizito kuliko silaha: idadi ya watu. Orodha ya mwaka 225 iliyohifadhiwa na Polybius inahesabu zaidi ya askari wa miguu 700,000 na wapanda farasi 70,000 ambao Roma na washirika wake wangeweza kuwaita. Philip, kabla ya Cynoscephalae, aliandikisha hadi vijana wa miaka 16. Roma ilipoteza makumi ya maelfu Cannae kwa siku moja na ikaendelea. Makedonia ilishindwa mara moja ikawa haina jeshi la pili.

Bonde_la_Nzoia (Kakamega)

Huku magharibi hatuhitaji kwenda mbali kuuelewa mkataba wa Waaetolia. Mwaka 1895 Waingereza walipowapiga Wabukusu Lumboka na Chetambe, wapiganaji wa Wanga walikuwa upande wa Waingereza, kwa sababu Nabongo Mumia alikuwa na hesabu zake na majirani. Mgeni alikuja na bunduki, mwenyeji akampa njia, chakula na sababu. Ukimfundisha mtoto wa Bungoma au Mumias kisa hiki, Aetolia ataielewa kabla hujamaliza sentensi.

Njoro_Kumbukumbu (Nakuru)

Ndugu, mfano ni mzuri kwa mwanzo tu, usiusukume mbele. Mwingereza alikaa. Hobley, ofisa wao, alikuwa Mumias mwaka huohuo wa 1895, na kodi ikafuata. Roma iliondoka. Mwaka 196 kwenye Michezo ya Isthmia mpiga mbiu alitangaza kwamba Wakorintho, Wafokea, Walokri, Waeubea, Wathesalia na wengine waliokuwa chini ya Philip wako huru, bila askari wa ulinzi, bila kodi, wakitumia sheria zao wenyewe. Kelele zilikuwa kubwa hata akaombwa asome tena, maana watu hawakuamini masikio yao. Na mwaka 194 legioni kweli zilipanda meli, zikaziacha hata ngome tatu zilizoitwa pingu za Ugiriki: Demetrias, Chalcis na kilima cha Korintho. Tangu hapo hadi 148 hakukuwa na liwali wa Kirumi anayekaa Makedonia wala Ugiriki. Hilo halina mfano wake hapa kwetu.

Bonde_la_Nzoia (Kakamega)

Nakubali kuhusu Hobley. Lakini basi uhuru wenyewe tuuchunguze, kwa sababu hapo ndipo wasomaji wengi hudanganyika. Kwa Mgiriki, tangazo la 196 lilimaanisha: fanyeni mtakalo. Kwa Mrumi, aliyekupa uhuru ni mlezi wako, na mlezi hasahau. Waaetolia walikuwa wa kwanza kuonja. Wapanda farasi wao ndio waliozuia mambo yasiharibike mapema Cynoscephalae, wakategemea kugawiwa miji ya Thesalia, wakanyimwa karibu yote. Kwa hasira wakamwita Antiochus III kutoka Siria mwaka 192 aje "kuwakomboa" Wagiriki ambao tayari walikuwa wametangazwa huru. Alipigwa Thermopylae mwaka 191, kisha Magnesia huko Asia, na kwa mkataba wa Apamea wa 188 akaondolewa kaskazini ya milima ya Taurus na kutozwa fidia ya jumla ya talanta 15,000. Roma haikuchukua shamba hata moja kule. Ardhi iligawiwa Pergamo na Rodo.

Ukitaka kuona utawala usio na liwali, tazama Misri mwaka 168, wiki chache baada ya Pydna. Antiochus IV wa Siria anaikaribia Aleksandria na jeshi lake. Anakuja mjumbe wa Roma, Popillius Laenas, bila jeshi. Mfalme ananyosha mkono kumsalimu; Popillius anamkabidhi barua ya Seneti kwanza. Mfalme anasema atashauriana na rafiki zake. Popillius anachukua fimbo, anachora duara mchangani kumzunguka mfalme na kumwambia ajibu kabla hajatoka ndani yake. Mfalme akakubali kuondoka. Ndiyo maana mimi ningeandika 168 kwenye bango. Baada ya siku ile hakuna mfalme wa Kigiriki aliyefanya jambo kubwa bila kutazama upande wa Roma.

Na yaliyofuata mwaka 167 yanaonyesha Roma imebadilika. Makedonia ilikatwa jamhuri nne, makao yakiwa Amfipoli, Thesalonike, Pella na Pelagonia. Ilikatazwa kuoa au kumiliki ardhi ng'ambo ya mpaka wa jamhuri yako. Migodi ya dhahabu na fedha ilifungwa, ya chuma na shaba ikaachwa. Kukata mbao za meli kulipigwa marufuku. Kodi ikawa talanta 100, chini ya nusu ya ile ya wafalme, na watu wengi husoma sehemu hiyo tu na kusema Roma ilikuwa na huruma. Wasome na ya Epiro basi: miji 70 iliporwa, watu 150,000 wakauzwa. Na Waakaya 1,000, ambao walikuwa washirika wa Roma, walipelekwa Italia wakazuiliwa miaka 17 bila kesi. Polybius alikuwa mmoja wao. Waliorudi hawakufika 300.

Dunga_Bandarini (Kisumu)

Mmesahau pesa, na kwenye pesa ndipo Roma ilipoua bila upanga.

Talanta moja ya Athene ni drakma 6,000, takriban kilo 26 za fedha. Philip alitozwa talanta 1,000 baada ya 197: nusu papo hapo, nusu kwa awamu za miaka kumi. Hizo ni kama tani 26 za fedha, mzigo wa trela.

Kisa cha Rodo ni cha kufundishia. Rodo ilikuwa bandari kuu ya mashariki na rafiki wa Roma. Wakati wa vita vya Roma na Perseus, mfalme wa Makedonia aliyeshindwa Pydna, ilijaribu kupatanisha pande mbili. Roma ikaichukulia kama usaliti. Haikupigwa. Roma iliwapa Waathene kisiwa cha Delos kwa sharti kwamba bandari yake isitoze ushuru. Meli zikahama. Wajumbe wa Rodo walilia mbele ya Seneti kwamba mapato ya bandari yao yameshuka kutoka drakma 1,000,000 hadi 150,000. Fikiria bandari ya Kisumu inatoza ushuru na jirani wa ng'ambo ya ziwa hatozi kitu, uone mizigo ya samaki na saruji itaelekea wapi ndani ya mwezi mmoja. Rodo iliyowahi kusafisha bahari ya maharamia ikakosa fedha za meli za doria, na maharamia wakarudi. Roma yenyewe ilikuja kuteseka nao baadaye.

Mbaya zaidi ilikuwa ng'ambo, Asia. Attalus III wa Pergamo alipokufa mwaka 133 aliiachia Roma ufalme wake kwa wosia. Baada ya sheria ya Gaius Gracchus ya 123, ukusanyaji wa kodi ya jimbo lile uliuzwa kwa mnada mjini Roma: kampuni inalipa hazina mapema, kisha inakwenda kujilipa kwa wananchi pamoja na faida. Hao ndio watoza ushuru mnaowasoma kwenye Biblia, ingawa wale wa Galilaya walikuwa wa mfumo mdogo zaidi. Chuki ilikomaa hivi kwamba mwaka 88 Mithridates wa Ponto alipotoa amri, miji ya Kigiriki iliua Warumi na Waitalia wasiopungua 80,000, kwa hesabu tuliyoachiwa na waandishi wa kale. Athene ikajiunga naye. Sulla, jemadari wa Roma, akaizingira na kuingia tarehe 1 Machi 86. Asia ikatozwa talanta 20,000. Miji ikakopa kulipa, riba ikazaa riba, na kufikia wakati wa jemadari Lucullus deni limefika 120,000 ilhali walishalipa 40,000. Lucullus aliweka ukomo wa riba wa asilimia 1 kwa mwezi, akafuta riba iliyozidi deni la awali, na mkopeshaji akaruhusiwa robo tu ya mapato ya mdaiwa. Madeni yaliisha kwa chini ya miaka minne. Kwa hiyo njia ilikuwapo muda wote.

Chaki_Kondele (Kisumu)

Asanteni sana, haya ni zaidi ya nilivyotarajia. Swali dogo ambalo najua litaulizwa darasani: kama Korintho iliangamizwa mwaka 146, Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho gani?

Njoro_Kumbukumbu (Nakuru)

Ni mji uleule kwa mahali, mwingine kwa watu. Mwaka 147 wajumbe wa Roma walikwenda Korintho kuwaambia Waakaya waiachilie Sparta, Korintho yenyewe na miji mingine. Umati ukawafanyia fujo. Viongozi wa Shirikisho, Critolaus kisha Diaeus, wakachagua vita. Walipigwa Scarpheia, kisha Leucopetra kwenye shingo ya nchi. Wakorintho wengi walikimbia usiku. Mummius, jemadari wa Roma, alingoja, akaingia siku ya tatu akihofia mtego. Wanaume waliokutwa waliuawa, wanawake na watoto wakauzwa, sanaa ikapakiwa melini. Karthago iliangamizwa mwaka huohuo. Kisha wakaja makamishna kumi wa Roma: mashirikisho yakavunjwa, serikali za watu wengi zikaondolewa na uongozi ukapewa wenye mali. Athene na Sparta zilibaki na hadhi ya miji huru.

Mahali pa Korintho palikaa karibu miaka 100 bila mji. Mwaka 44 KK Julius Caesar akaanzisha koloni la Kirumi palepale, wakaaji wengi wakiwa watumwa walioachwa huru. Huo ndio mji wa Paulo. Someni Matendo 18:12: Galio "alipokuwa liwali wa Akaya." Akaya hiyo ni lile jimbo la 27 KK kwenye ramani yako. Na Matendo 17:1, Amfipoli, Apolonia, Thesalonike, ni vituo vya barabara ya Egnatia ambayo Warumi waliijenga baada ya Makedonia kuwa jimbo. Apolonia hiyo si ile ya Adria niliyoitaja juu, msichanganye.

Mkuki_wa_Molo (Nakuru)

Kwa bango: kama mstari ni mmoja kweli, andikeni "146 KK: Korintho yaangamizwa, Ugiriki yawekwa chini ya liwali wa Makedonia." Neno la kuepuka ni "Ugiriki yawa jimbo," hilo ndilo kosa linalorudiwa vitabuni. Mkipata nafasi ya pili, wekeni 168 kwa rangi nyingine, Bonde_la_Nzoia hajakosea. Na msifunge ukurasa wa Wagiriki hapo: Sirakusa ya Sicilia ilikwisha tekwa mwaka 212, Krete ilidumu hadi 67, na ufalme wa mwisho wa nasaba ya Kigiriki, Misri ya Cleopatra, ulianguka mwaka 30 KK. Kama bango lina upana wa mita mbili, chora mshale mrefu kutoka 229 hadi 30 na miaka mingine iningʼinie chini yake.

Chaki_Kondele (Kisumu)

Upana ni mita moja na nusu. Mshale utatosha.